Lami kwa Mtunza Muhuri

Mada ya Waamerika ilinipata kwa sababu nilikaa kimya. Mwalimu wa historia alisoma orodha yake, wenzangu wakapiga kelele, huyu akachukua Wafaransa na mfalme wao aliyekatwa kichwa, yule akachukua Haiti, na mimi niliyekuwa nangoja anione bila kunyanyua mkono nikabakiwa na swali ambalo hakuna aliyelitaka: kwa nini walowezi wa Amerika walitaka kujitenga na utawala wa Mwingereza. Dakika tano, umesimama mbele, bila karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na tano na sijawahi kusema hata dakika moja mbele ya watu. Kanisani kwetu watoto wadogo kuliko mimi hushika kipaza sauti wakatoa ushuhuda mpaka wanazimiwa spika. Mimi mgeni akiniuliza jina langu, natazama viatu vyake.

Wakati ule nilikuwa nalala sebuleni, kati ya friji na maboksi ya nywele za bandia za mama. Chumba changu kilikuwa cha mjumbe wa kanisa.

Kanisa letu lilikuwa tawi. Lilikuwa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya juu ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha viatu, na mvua ya mawe ikipiga tulikuwa tunahamisha viti kufuata sehemu kavu. Kanisa mama liko Bukavu, Kongo, na kila kitu chetu kilitoka kule: jina, wimbo wa kufungulia ibada, namna ya kukunja leso, na muhuri. Sisi muhuri tunauita kashe. Papa, baba yangu, ndiye aliyekuwa mtunza kashe. Siku sita za wiki alikuwa mlinzi wa duka kubwa upande wa kaskazini, anasimama mlangoni kwa saa kumi na mbili akipekua mifuko ya watu wasiomsalimu. Jumapili alivaa suti ya kahawia, akatoa kashe kwenye mfuko wa ndani, ikiwa imefungwa kwa leso nyeupe, akaipulizia pumzi kwanza kama mtu anayesafisha miwani, kisha akaigonga kwenye cheti cha ubatizo au barua ya ndoa. Watu wazima walisimama kwa mstari kumngojea.

Sikuwahi kumcheka kwa hilo. Tulipofika Johannesburg nilikuwa na miaka sita. Ofisi ya wakimbizi ilitupa karatasi ya miezi sita, kisha nyingine ya miezi sita, na kila mara afisa alitazama majina yetu kana kwamba tumeyabuni kwenye foleni. Karatasi pekee iliyosema sisi ni nani bila kuweka tarehe ya mwisho ilikuwa ile barua ya kanisa yenye kashe ya Bukavu. Mama alikuwa ameishona ndani ya sidiria kutoka Uvira mpaka huku. "Tulitoka vitani wanne, tukafika wanne," Papa alipenda kusema. "Na ile karatasi."

Mwaka huo Bukavu waliandika amri mpya. Kuanzia sasa kashe isigongwe kwenye ndoa, ubatizo wala mazishi mpaka fomu iende kule, isomwe, irudi na saini. Wakamtuma na mjumbe, pasta mwenye sauti ya chini na begi la magurudumu, aje kusimamia. Kwa kuwa Papa ndiye mtunza kashe, mjumbe alilala kwetu. Wiki mbili, walisema. Akakaa miezi minne. Alikula kwanza, firigisi zote zilikuwa zake, na bafuni aliacha taulo langu likiwa limelowa. Ukimuuliza fomu fulani itarudi lini, alijibu, "Utaratibu ni utaratibu."

Kwaya yetu ilikuwa na kijana mmoja na mke wake waliokuwa wamepeleka fomu ya ndoa tangu Pasaka. Walimpata mtoto, akaishi siku tisa. Mjumbe alisema kanisa haliwezi kumzika mtoto wa ndoa ambayo fomu yake haijarudi. Papa alikuwa amekaa palepale na kashe mfukoni. Mama alimtazama. Papa alitazama zulia. Mtoto akazikwa na wazazi wake wenyewe kwenye makaburi ya kusini, bila leso ya kanisa juu ya sanduku, na mama yangu aliimba peke yake kwenye upepo mpaka sauti ikakatika. Kuanzia siku ile aliacha kumpakulia mjumbe. Alimwekea sufuria mezani na mwiko ndani, ajihudumie.

Wanakwaya na vijana waliandika barua Bukavu. Tatu. Ya nne walituma kwa simu, ikaweka alama mbili za bluu za kusomwa, na jibu halikuja.

Kwa hiyo nilipofungua kitabu cha historia sikuona Waamerika. Niliona sebule yetu.

Alhamisi mchana nilikuwa nafanya mazoezi ya dakika zangu tano, uso kwa ukuta, kaka yangu aliporudi kutoka kazini. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alifanya kazi ya kuziba mapaa ya maghorofa: wanachemsha lami kwenye pipa, wanaipandisha kwa ndoo, wanaimwaga kwenye nyufa kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kiume au wa kike. Yaya alikaa barazani, akaanza kunawa mikono kwa mafuta ya taa.

"Unaongea na nani?"

"Na ukuta. Ni ya shule."

"Unakuelewa?"

"Kuliko weye."

Alicheka. "Haya, leta. Mimi ni darasa. Nakaa nyuma, natafuna."

Na mimi nikasema. Sijui kwa nini siku ile maneno yalitoka. Nadhani ni kwa sababu alikuwa ananawa na hakunitazama. Nilimwambia kwamba mwanzoni wale watu hawakumchukia mfalme hata kidogo. Walijiona Waingereza kamili, tena walijivunia. Ila Uingereza ilikuwa imemaliza vita kubwa na Wafaransa, hazina ikabaki tupu, ikaona walowezi nao wachangie. Ikatungwa sheria ya muhuri: kila gazeti, kila wosia, kila leseni, mpaka karata za kuchezea, lazima karatasi iwe na muhuri wa serikali, na muhuri unalipiwa.

Yaya aliacha kunawa. "Kashe?"

"Kashe."

"Unaniambia wazungu walipigania kashe."

"Si kashe yenyewe. Ni kwamba hawakuulizwa. Kule Bunge lilijaa watu, na hakuna hata mmoja waliyemchagua wao. Watu wa mbali, ng'ambo ya bahari, hawajawahi kukanyaga kwako, wanakuamulia. Halafu wakaambiwa wawape askari mahali pa kulala na chakula."

"Chumbani mwako," kaka akasema, akaelekeza kidole kwenye mlango wa mjumbe.

Tulicheka mpaka mama akagonga dirisha. Nikaendelea: askari walipiga risasi kundi la watu mjini wakaua watano, walowezi wakamwaga chai ya kampuni ya Waingereza bandarini, mfalme akafunga bandari hiyo ili wajifunze adabu. Na hata hapo, bunduki zikiwa zimeshaanza, bado waliandika barua ya mwisho ya kumbembeleza. Mfalme akakataa kuipokea.

"Alama mbili za bluu," kaka akasema. Hakucheka tena. "Na wale wagonga kashe? Waliwafanya nini?"

Hapa ndipo ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mahali pengi maishani, pale sikunyamaza. Nilimwambia kwamba mtunza muhuri wa mji mmoja walimtengenezea sanamu ya matambara wakainyonga mtini, wakabomoa ofisi yake, wakavunja madirisha ya nyumba yake, mpaka akasimama hadharani akaiacha kazi. Wengine baadaye, watu wa forodha, walivuliwa nguo, wakapakwa lami, wakamwagiwa manyoya ya kuku na kuzungushwa mjini kwenye mkokoteni.

"Lami kama hii?" Alinyanyua mikono yake miwili myeusi.

"Lami," nilisema.

Kitabu kilikuwa kimeeleza kwamba yao ilitoka kwenye miti ya misonobari, nyepesi, haihitaji moto mkali kama hii ya mapaa. Nililisoma hilo. Sikumwambia, maana lingepunguza utamu, na nilikuwa nimefurahi mno kuona mtu ananisikiliza.

Jumamosi mama na wenzake walinyonyoa kuku uani kwa ajili ya chakula cha kanisa. Kaka alikuja na gunia tupu la mchele, akakusanya manyoya yote. Mama alimuuliza ni ya nini, akasema ya mto. Aliponipita alinikonyeza. Nilijua. Nataka niandike hilo waziwazi: nilijua. Nilijiambia watampaka mjumbe koti, watu watacheka, ataondoka na begi lake la magurudumu, na mimi nitarudi chumbani mwangu.

Jumapili tulipanda ngazi za kanisa saa nne, na lami ilinuka kuanzia mlangoni. Papa alisema, "Vijana wanaziba paa siku ya Bwana?" Nilikuwa nyuma yake. Ilibaki kumgusa kiwiko tu. Nikatazama visigino vya viatu vyake mpaka tukaingia.

Mjumbe alihubiri juu ya utii. Hakufika mbali. Yule baba wa mtoto wa siku tisa alisimama katikati ya viti, akasema kwa upole, "Naomba kipaza sauti, Pasta."

"Kaa chini, ndugu."

"Naomba niulize kitu kimoja tu."

"Kaa."

"Mtoto wangu amezikwa kama mbwa. Naomba niulize."

Mzee mmoja wa mlangoni alimshika kola. Kijana akamsukuma, mzee akaanguka juu ya kinanda, kikalia sauti moja ndefu ambayo haikuzimika. Ndipo viti vikaanza. Kiti cha plastiki kikivunjika kinatoa ncha, na ncha zile zilitumika. Niliona shemasi akipigwa mdomoni kwa kipaza sauti na pigo lenyewe likasikika kwenye spika zote, kishindo kikubwa kama mlango wa chuma, halafu akatema jino kwenye kiganja akalitazama. Akina mama walikaza vitenge na kuvua viatu, na kisigino cha kiatu kikampasua mwanamke wa kundi lililomuunga mkono mjumbe juu ya jicho, damu ikamfunika uso nusu nzima, naye akaendelea kupiga akiwa haoni. Mama yangu alikuwa amemshika mtu nywele. Watu waliobebeana maiti na kuchangiana harusi waliitana nyoka, wachawi, mbwa wa Bukavu, watoto wasio na kwao. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kinanda, ile sauti moja ikilia juu ya kichwa changu.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Kijana anayepiga ngoma aliingia na ndoo ya lami, amevaa glavu za kazi. Kaka yangu alimfuata na gunia.

"Kashe!" vijana walianza kuimba. "Toa kashe! Toa kashe!"

Mjumbe alikimbilia nyuma ya mimbari. Na Papa akaenda akasimama mbele yake. Alitanua mikono kama anavyofanya kazini wakati wa kufunga duka, miguu imeachana, kidevu juu.

"Hamupiti."

"Papa, toka," kaka alisema.

"Toka weye. Nani alikutuma na uchafu huu nyumbani kwa Mungu?"

"Papa, si weye tunayemtaka. Toka tu."

"Nasema hamupiti."

Mtu alimsukuma kijana wa ngoma kwa nyuma, au alijisukuma mwenyewe, sijui, watu sita wamesimulia namna sita. Ndoo ilikwenda mbele. Walikuwa wameiacha ipoe, juu ilikuwa imeshafanya ngozi, wakadhani imepoa yote. Ile ngozi ilipasuka na ya ndani ikatoka laini kabisa, inang'aa, ikamshukia Papa begani, shingoni, na kwenye sikio la kulia. Haikuruka kama maji. Ilimkalia.

Papa hakupiga kelele mara moja. Alifungua mdomo, na kwa muda kilichosikika ni kinanda tu. Na kaka yangu, aliyekuwa na gunia mkononi, aliyekuwa amejiandaa tangu Jumamosi, alimwaga manyoya. Ameniapia kwamba mikono ilikwenda yenyewe. Manyoya yalinasa. Meupe, ya kahawia, mengine yana damu ya kuku bado. Papa akaanza kulia kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mtu, akageuka akijipiga shingo kwa kiganja, na kiganja nacho kikanasa, akakivuta, na ngozi ikaja nacho.

Kuna mtu alicheka. Mmoja tu, sekunde moja, kwa sababu kweli alionekana kama kuku. Mama alimgeukia huyo mtu na kiti.

Kisha ghasia ikaisha kama imekatwa. Mama alimwagia Papa maji yote ya kwaya, ndoo mbili. Wanaume wawili walitaka kumvua shati, wakaona linatoka na nyama, wakaacha. Tulimshusha ngazi tukamlaza nyuma ya bakkie, pikapu ya muuza mboga wa jirani, mama amemshika kichwa, na kwenye kila robot ya barabarani ikiwaka taa nyekundu watu wa magari mengine walichungulia wakaona mtu mwenye manyoya. Kaka alikimbia nyuma ya gari mitaa mitatu. Halafu sikumwona tena.

Hospitalini waliuliza nani amefanya. Papa, akiwa na dawa ya maumivu mpaka kwenye kope, alisema aliteleza kazini, akaangukiwa na ndoo ya mafundi wa paa.

"Na manyoya?" nesi aliuliza.

"Kulikuwa na kuku," Papa alisema.

Nesi alimtazama mama. Mama alitazama dirisha. Nesi akaandika hivyohivyo.

Jumatano nilisimama mbele ya darasa, maana mama alisema nikikaa nyumbani nitafanya nini. Nilieleza vita na Wafaransa, muhuri, Bunge, askari, chai, bandari, barua ya mwisho. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilikwenda. Nilipofika kwa watunza muhuri nikakwama. Nilitazama ubao, nikatazama viatu vyangu. Mvulana mmoja aliyekuwa ametangulia kusoma kitabu alinong'ona, "Sema ya manyoya, ile ndiyo tamu." Wakacheka. Mwalimu akadhani ni aibu yangu ya kawaida, akasema kwa upole, "Basi, kuna mwenye swali?"

Msichana wa mbele akanyanyua mkono. "Na watumwa wao? Wao waliulizwa kama wanataka?"

"Hapana," nilisema. Nikarudi kukaa.

Papa alilala hospitali wiki tatu. Walimkwangua lami kidogo kidogo kwa mafuta, wakakata ngozi ya pajani wakaiweka begani. Sikio la kulia lilibaki nusu. Mjumbe alipanda ndege siku ya nne bila kuaga, chumba changu kikawa changu, na sikuweza kulala humo. Kanisa lilijitenga. Lilibaki na jengo, spika na viti vilivyosalia, na jambo la kwanza ambalo uongozi mpya ulifanya ni kwenda dukani Hillbrow kuchonga kashe mpya. Ilichukua dakika kumi. Yule baba wa mtoto alipata cheti chake cha ndoa Jumapili iliyofuata. Mama aliimba siku hiyo, akarudi nyumbani akavua kilemba, akakaa kitandani na viatu miguuni. Waliompenda mjumbe walihamia Rosettenville, wakapanga ukumbi nyuma ya baa ya Wareno. Kaka naye alikuwa huko Rosettenville, analala kwa rafiki wa kazini, lakini si kanisani kwao. Hakuwa upande wowote.

Papa aliporudi nyumbani hakuuliza habari za kanisa. Alikaa kwenye kochi bila shati kwa sababu nguo ilimuunguza, na alikuwa na swali moja tu, alilirudia asubuhi na mchana, mpaka mama akawa anaondoka mapema kwenda kusuka nywele za watu.

"Kupigana naelewa," alisema. "Tumepigana Uvira, tumepigana Bukavu. Viti, fimbo, mawe. Mtu akikuchukia anakupiga. Lakini hii ya kumfanya mtu kuku, hii haiko akili ya watu wetu. Imetoka wapi? Nani aliifikiria?"

Nilikuwa nikimpaka mafuta mgongoni kila baada ya shule, pale ambapo vipande vidogo vya lami vilikuwa bado vimeng'ang'ania. Kila siku alilirudia swali, na kila siku nilichovya kidole kwenye kopo.

"Yule wa ngoma alimwaga tu, hana kichwa. Aliyeifikiria, huyo simtaki chini ya paa langu. Hata awe nani."

Hata awe nani. Alijua anamsema kaka. Mama naye alijua. Tulikuwa wanne, na kwa maneno hayo tungebaki watatu, na mimi ningekuwa mmoja wa watatu hao kwa sababu tu hakuna aliyedhani mtoto kama mimi anaweza kufikiria kitu.

Mama alimpigia kaka simu aje aombe msamaha. Alikuja Jumamosi asubuhi, amekonda, amenyoa. Alisimama mlangoni kama mgeni anayeuza kitu.

"Shikamoo, Papa."

Papa hakuitika. "Nauliza mara moja. Nani aliifikiria?"

Kaka hakunitazama. Alifanya bidii asinitazame. "Ni mimi."

Papa alisimama. Mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki, akampiga kwa wa kushoto. Kofi, halafu ngumi, halafu ngumi tena, mapigo ya mtu asiyetumia mkono ule, yalianguka puani, shingoni, popote. Kaka aliweka mikono nyuma. Damu ilimtoka puani ikadondoka kwenye zulia, na kwenye bega la Papa ile ngozi mpya ilichanika na kuanza kuvuja nayo. Mama alilia, "Inatosha! Utakufa, inatosha!"

"Chukua nguo zako," Papa alisema, akihema. "Zilizobaki. Zote."

Kaka alikwenda kabatini. Nilisikia anavuta zipu ya begi.

"Si yeye," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Friji ilikuwa inanguruma. Nikasema tena.

"Papa, si yeye. Ni mimi nilimwambia. Ni somo la shule."

"Somo gani la kuunguza watu?"

Nikamweleza. Yote, tangu mwanzo, nimesimama kati ya friji na kochi, dakika tano au kumi, bila karatasi. Nilimwambia walivyompenda mfalme kwanza. Nilimwambia muhuri, barua, mfalme asiyepokea. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na begi, amebana pua kwa fulana. Nilimwambia lami. Nilimwambia nilijua Jumamosi, na Jumapili nilinusa kabla hatujapanda ngazi.

Papa alikaa. "Yule mtunza muhuri wao," alisema. "Alikuwa Mwingereza wa kule?"

"Hapana. Mtu wa palepale. Jirani yao."

"Alikufa?"

"Hapana, Papa. Alisimama mbele ya watu akaacha ile kazi."

"Walimwambia kwanza aache?"

"Ndiyo. Walimwambia."

"Mimi hamkuniambia," Papa alisema. "Mimi naishi na nyinyi. Nakula na nyinyi. Mliandika Bukavu barua nne. Kwangu hakuna hata mmoja aliyekuja akaniambia, Papa, weka chini hiyo kitu."

Mama ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya chini, anakunja kitambaa kilichokuwa tayari kimekunjwa. "Manyoya ni mimi niliyanyonyoa. Nilijua hayakuwa ya mto."

Papa alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anatafuta wa kumfukuza.

"Basi nitoke mimi," alisema.

"Usiseme hivyo," mama akasema. "Uende wapi na bega hilo?"

"Bertrams. Kuna mwenzangu wa kazini ana chumba. Ye haniunguzi."

Hakuna aliyemzuia. Nimefikiria sana jambo hilo. Tulikuwa watatu na mlango ni mmoja, na tulisimama tu. Alichukua shati lake la ulinzi kwenye kiti, akaingiza mkono wa kushoto, na wa kulia ukakataa kupanda. Alijaribu mara mbili, damu ikagusa kitambaa. Mara ya tatu akasimama akanigeuzia mgongo, bila kusema kitu, akangoja.

Nikamvalisha. Nilipitisha mkono taratibu, nikazunguka mbele, nikaanza kufunga vifungo kutoka chini kwenda juu, uso wake juu ya uso wangu na mimi namtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Nilipofika kile cha shingoni alisema, "Hicho acha, kinaniunguza," akachukua karatasi yake ya ofisi ya wakimbizi juu ya friji, akaiweka mfukoni, akashuka ngazi.